Mshono wa Msalaba

Shangazi yangu ana kitambaa cha meza ambacho kwa miaka mingi hakikuwahi kutandikwa mezani. Kinakaa ndani ya sanduku la bati, katikati ya kanga mbili za harusi yake, na hutolewa mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, kikaanikwa kivulini kisipate ukungu. Zamani kilikuwa cheupe. Sasa kina rangi ya tui, ila maua mekundu na majani ya kijani kwenye pembe zake nne hayajapauka hata kidogo. Alikidarizi akiwa na miaka 13 hivi, kwa masista Wakatoliki wa misheni ya Nyangao, mkoani Lindi.

Shangazi ni Mwislamu wa swala tano, na amezaliwa katika nyumba ya swala tano. Baba yake, yaani babu yangu, ndiye niliyerithi jina lake, na ndiyo maana bibi huyu wa miaka 80 na ushee ananiita "baba" mbele za watu. Babu alimruhusu kwenda kwenye ushonaji wa masista kwa sharti moja: ikigongwa kengele ya katekisimu, yaani mafundisho ya Kikristo, aondoke arudi nyumbani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka jirani mmoja aliponong'ona kwamba mshono anaofundishwa binti yake unaitwa mshono wa msalaba. Nyumba ikawaka moto. Shangazi akaitwa ukumbini na sindano yake, aonyeshe kila hatua: uzi huu unalala hivi, wa pili unapita juu yake hivi, basi, hakuna sala ndani yake. Babu akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni kama ukili." Kesho yake akarudi darasani.

Mwezi wa saba alinipigia simu kutoka Lindi.

"Baba, nataka unipeleke Nyangao. Nikawaonyeshe masista kitambaa changu."

Nikamwambia, kwa upole, kwamba sista aliyemfundisha lazima amekwisha kufa siku nyingi.

"Najua. Kwani hawa waliopo si masista?"

Nami nilikuwa na deni langu na barabara hiyo. Nimekulia Mtwara mjini, na njia ya Masasi nimeipita kwa basi sijui mara ngapi. Kila mara naziona zile nyumba za misheni zenye kuta nene na baraza ndefu, na kila mara nasema nitashuka siku moja. Sikushuka. Vya mbali mtu huvifungia safari, vya njiani kwake huvipita akisinzia. Halafu wanaoandika habari za majengo haya wengi huwaandikia watalii: matao, minara, mawe ya Wajerumani, picha imepigwa kwa mbele na anga la buluu. Mimi nilikuwa nakwenda na mtu aliyeyajua kwa upande wa jikoni.

Nilimfuata Lindi, mtaa wa Mtanda. Nikamkuta amekwisha kuvaa tangu alfajiri, kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kikapu, kikapu mapajani. Tukapanda Noah hadi Mnazi Mmoja, pale njia ya Mtwara na ya Masasi zinapoagana, tukabadilisha gari, tukaanza kulifuata bonde la Lukuledi kuelekea bara.

Njia hii ilikuwepo kabla ya misheni yoyote, na historia yake si ya kufurahisha. Ni mapito ya misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, ikishukia Lindi, Mikindani na Kilwa. Livingstone aliteremka Mikindani Machi 1866 akapandia bara pande hizi hizi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana ya Unguja alipita Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, akikusudia kuwafikisha karibu na Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakaona maji na ardhi nzuri, wakasema hapa panatosha. Wabenedikto wa Kijerumani, watawa wa Kikatoliki, walifuata nyayo hizo hizo: Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896. Mtu akikwambia wamisionari walifungua njia ya kusini, mwambie waliikuta imekanyagwa na miguu ya watumwa.

Na walikuja na wanawake. Hili hutajwa kwa sentensi moja, halafu habari inarudi kwa maaskofu. Shirika la Masista Wabenedikto ambalo leo hujulikana kwa jina la Tutzing, mji ulio kando ya ziwa kule Bavaria, lilianzishwa 1885. Mwaka 1887 masista wa kwanza walikuwa tayari melini kuja huku. Kituo chao cha kwanza, Pugu, kilivamiwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, na Sista Martha Wansing akauawa pale pamoja na mabruda wawili. Shirika lilikuwa halijafikisha hata miaka minne. Sijui wewe, mimi ningerudi nyumbani. Wao wakatuma wengine.

Pale Mtama gari lilisimama, na akina mama wakaja dirishani na sahani za ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa. Nikanunua. Shangazi akachukua mmoja, akaumenya, akaula polepole.

"Babu yetu alikuwa hali hii," akasema. "Alikuwa anasema kaila ya kutosha mwaka wa njaa."

Sikuuliza njaa ipi. Kwa Wamwera wa kizazi kile ilikuwa moja.

Nyangao tulifika saa saba kasoro robo, saa mbaya kabisa. Mlinzi akatwambia masista wako kwenye sala ya mchana, wakitoka huko ni chakula, baada ya chakula wanapumzika, hivyo tungoje hadi saa tisa. Mimi nilianza kununa. Shangazi akafurahi kana kwamba amekutana na ndugu.

"Hawajabadilika!"

Tukakaa chini ya mwembe. Hakudumu dakika kumi. Akasimama, akanishika mkono, akanizungusha nyuma. Majengo mengi anayoyakumbuka hayapo, mengine yamejengewa juu, lakini kidole chake hakikusita. Hapa palikuwa na kamba za nguo. Pale shimo la jivu, kwa sababu sabuni ilikuwa haba na masufuria yalisuguliwa kwa jivu. Pale palikaa mawe ya kufulia, na mashuka ya wagonjwa yalifuliwa kabla ya mtu yeyote kugusa sindano. Wasichana walifika jua halijachomoza. Kwanza maji, kisha kufagia, kisha kufua, na jua likishapanda ndipo darasa.

"Mlikuwa mnalipwa?"

Akanitazama. "Tulilipwa sindano."

Hakusema kwa uchungu, wala hakusema kwa shukrani. Amesema hivyo hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi ya zamani. Mimi ndiye niliyebaki na jambo hilo, maana nimesoma vya kutosha kuhusu ukoloni kujua kazi ya bure inaitwaje, na nimeishi vya kutosha na Shangazi kujua kwamba sindano ile ilisomesha watoto watatu. Alishona sare za shule Lindi kwa miaka mingi, baada ya mumewe kufariki. Neno lenyewe "shule" ni la Kijerumani, tumelibeba hadi tumesahau. Na sindano ile, si neno bali kitu chenyewe, nayo tumeibeba vivyo hivyo.

Sista wake alikuwa na miwani ya duara na Kiswahili cha kitabuni. Ukimpelekea kazi yako, hatazami maua. Anageuza kitambaa. Nyuma akikuta fundo, au uzi umeruka kutoka ua hili hadi lile badala ya kukatwa, anachukua mkasi bila kusema neno. Na jambo la pili: kila msalaba lazima uzi wake wa juu ulalie upande ule ule. Ukilalisha mmoja kulia na mwingine kushoto, kwa karibu hakuna ajuaye, lakini mwanga ukipiga kwa pembeni, ua zima linaonekana limevurugika.

Wakati tunangoja nilimweleza niliyosoma kuhusu mahali pale. Mwishoni mwa Agosti 1905, Maji Maji iliyokuwa imeanzia Matumbi mwezi Julai ilifika bonde hili. Wamwera wakiongozwa na Selemani Mamba waliishambulia misheni ya Nyangao, na Lukuledi nayo ikaangamizwa siku hizo hizo. Wiki mbili kabla, tarehe 14 Agosti, Askofu Cassian Spiss alikuwa ameuawa Mikukuyumbu, pande za Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Watu wa misheni ya Nyangao wakakimbilia Lindi, usiku, kwa njia hii hii tuliyokuja nayo na ming'oko mkononi. Sista Walburga Diepolder hakufika.

Ukiingia hospitali ya Nyangao leo utakuta inaitwa kwa jina la Mtakatifu Walburga. Huyo ni abesi, yaani mkuu wa monasteri, wa karne ya 8, aliyetoka Uingereza akafia Ujerumani. Lakini hapa Nyangao jina hilo haliwezi kuwa la karne ya 8 peke yake.

Shangazi alisikiliza yote. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: babu yake alikuwa kijana mwaka ule, na alikunywa maji. Alikuwa upande gani wa ukuta usiku ule hakusema, na wajukuu hawakuthubutu kumwuliza. Alichokuwa anasimulia ni kilichofuata. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, watu wakahamia porini, wakachimba mizizi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa katika vita vile na njaa yake ni kati ya watu 75,000 na 300,000. Tofauti hiyo kati ya namba ya chini na ya juu inanisumbua kuliko namba zenyewe. Wa upande mmoja tunawajua kwa jina la utawa na la ukoo. Wa upande wa pili hatujui hata kama ni laki moja au tatu.

"Na bado babu yako akaacha mwanawe akupeleke kwa masista?" nikamwuliza.

"Ndiye aliyesema niende. Alisema nikajue wanafanya nini mle ndani."

Saa tisa ikafika. Aliyetutokea ni sista kijana, pengine hajafika miaka 30, Mmakonde kwa lafudhi, simu mfukoni. Akapiga goti. "Shikamoo bibi." Marahaba zikapita, chai ikaletwa, habari za nyumbani zikaulizwa mpaka zikaisha. Ndipo Shangazi akafungua kikapu, akafungua mfuko, akakunjua kitambaa mezani. Hapo ndipo kilipotandikwa mezani kwa mara ya kwanza, nadhani, ingawa hakuna aliyelisema hilo.

Yule sista akasema "Eee!" Akainama karibu. Halafu akakishika pembeni, akakigeuza.

Shangazi akanyamaza kabisa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kimyakimya kinachotikisa mabega, hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Sista akaogopa, akadhani amekosea.

"La, mwanangu. Geuza, geuza tu."

Wao sasa wanashona kwa mashine, akatueleza: mavazi ya padri kama kasula na stola, na vitambaa vya altare. Kudarizi kwa mkono wanajifunza kidogo unovisini, wakiwa bado wanafunzi wa utawa, lakini hakuna mwenye muda. Akaomba apige picha. Akapiga ile ya nyuma. Shangazi, ambaye ana majivuno yake, akamwuliza kwani maua yana kasoro gani.

Jioni ile tulifika Ndanda. Kati ya Nyangao na huko unapita Mahiwa, ambako Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza, wakiwemo askari wengi kutoka Nigeria, yalipambana kwa siku nne na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, na upande wa Waingereza peke yake ukapoteza zaidi ya watu 2,000 kwa vifo na majeraha. Kutoka garini huoni kitu. Mikorosho inachanua.

Ndanda ni kubwa, na kwa mgeni inachanganya: abasia, yaani monasteri kubwa, ya wamonaki, nyumba ya masista, hospitali, kiwanda cha uchapaji, karakana, na sekondari ambayo zamani ilikuwa ya misheni na ndiyo aliyosoma Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, si mbali na hapa. Misheni ya Ndanda ilianzishwa 1906, baada ya Lukuledi kuchomwa, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde ambako chemchemi hazikauki. Juu kule uwandani maji yalikuwa ya kutembea saa kadhaa. Huku chini yanatiririka yenyewe. Ukinunua maji ya chupa yenye jina la Ndanda pale stendi ya Mtwara, ujue na hilo. Mwaka 1931 Ndanda ikawa abasia yenye eneo lake kama jimbo, na ikabaki hivyo hadi lilipoundwa Jimbo la Mtwara mwaka 1972.

Tulipewa vyumba viwili vya wageni. Shangazi alimwuliza sista wa mapokezi kibla kiko wapi. Nilitaka ardhi inimeze. Sista akanyoosha mkono bila hata kufikiri: "Pale, elekea tangi la maji." Nusu ya wanaofanya kazi jikoni, akasema, ni Waislamu.

Asubuhi nilikwenda makaburini. Misalaba ni ya namna moja, safu kwa safu, kama mishono. Nililotafuta ni kaburi la Sista Thekla Stinnesbeck, daktari aliyefika Ndanda miaka ya 1920, wakati wamisionari Wajerumani waliofukuzwa na Waingereza baada ya vita walipokuwa wanarudi. Kabla yake hapakuwa na daktari katika misheni hii. Kuna kitu watu wengi hawakijui: hadi mwaka 1936 Roma ilikuwa hairuhusu watawa wanawake kufanya kazi ya ukunga. Fikiria basi daktari mwanamke, mtawa, katika nchi ambayo mama wa Kimakonde au wa Kimwera asingekubali kuzalishwa na mwanamume mgeni. Sheria ilisema hivi, mlangoni wapo wajawazito. Kwa miaka ile yote kitabu cha sheria kilikuwa Roma na machela ilikuwa Ndanda. Nilisimama pale nikawaza hilo mpaka jua likaanza kuchoma kisogo.

Nilipomsimulia Shangazi, yeye aliona jambo jingine. Masista walizalisha watoto wa watu, akasema, ila lilipokuja suala la unyago hawakutaka kusikia. Ndipo nikajua kwa nini hakumaliza darasa. Mwaka ule wa mwisho alivunja ungo. Akatolewa, akawekwa ndani, akachezwa. Sista akatuma ujumbe kwamba akirudi atarudi, lakini aliyoyaona huko ayaache huko. Babu akajibu kwamba mtoto si kanga, huwezi kuacha pindo moja nje. Hakurudi. Mwaka uliofuata akaolewa Lindi.

Masasi nilikwenda peke yangu, yeye akibaki kupiga soga na wagonjwa barazani. Sitaandika mengi: majabali yake yamekwisha kuandikwa na kila mpita njia. Ila kwa sababu ya mazungumzo yetu nilimkumbuka Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, ambaye badala ya kulipiga marufuku jando alilitengenezea sura ya Kikristo, na Wakristo wenzake wengine wakamshangaa. Nilipomweleza Shangazi jioni, akasema, "Sisi Nyangao hatukupata askofu wa namna hiyo," akaendelea kumenya chungwa.

Lukuledi nilifika kwa bodaboda, njia ya Nachingwea, nikakaa nusu saa. Ndiyo ya kwanza ya zote za Wabenedikto pande hizi, na ndiyo kimya kuliko zote. Kanisa kubwa, watoto wa shule, mbuzi kivulini. Nilizunguka nyuma, kama nilivyofundishwa. Kulikuwa na kamba ya nguo, na mashuka yanaanikwa.

Tukarudi siku ya tatu. Garini Shangazi alikaa dirishani upande wa jua, kitambaa kimefunguka mapajani, akikikagua pembe moja baada ya nyingine kama anayehesabu hela. Karibu na Mnazi Mmoja akanigusa goti.

"Baba. Tazama hapa."

Pembe ya nne. Sikuona kitu. Akakiinua kitambaa kidogo, jua likapiga kwa pembeni, nikaona: ua la mwisho, uzi wa juu umelalia kushoto, wakati maua mengine yote yanalalia kulia. Ndilo alilolimalizia nyumbani akiwa mwali, kwa mwanga wa kibatari, wakati hapakuwa tena na mtu wa kugeuza na kutazama.

"Yule mtoto aliliona," akasema. "Yule sista. Aliliona, akanyamaza."

Tuliposhuka kubadilisha gari aliniambia nimtafutie wembe. Nikaenda dukani, nikanunua, na njiani nikanunua na korosho za kukaanga. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wauza matunda, pembe ile ya nne imetandazwa gotini. Akautoa wembe kwenye karatasi yake, akaujaribu makali kwenye ukucha. Akalitazama lile ua. Kisha akachukua pakiti ya korosho, akaipasua juu kwa wembe ule, akaniwekea kiganjani, na kitambaa akakikunja mara nne.